Nimeongeza majani ya spring, je pikapu yangu sasa inaruhusiwa kubeba tani moja na nusu?

Msimu wa viazi ukishakolea huku Nyanda za Juu Kusini barua za pikapu zinajaa, na safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, kwamba nifanye nini gari langu dogo libebe zaidi na trafiki asinisumbue. Kwaiyo ukurasa wote wa leo ni wa uzito. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu humo ndani kuna majibu ya wengine wengi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Isyonje, nina Hilux single cabin ya kawaida sio fowili, napeleka viazi soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini. Kwa sasa nabeba gunia kumi na gari inakaa chini sana nyuma mpaka taa zinaangalia juu, wenzangu wananipigia honi usiku. Fundi mmoja hapa Uyole kaniambia tuongeze majani mawili mawili kila upande gari itasimama vizuri na nitaweza kupakia hata tani na nusu bila shida. Kwenye kadi imeandikwa tare 1390 na gross 2530. Je nikishaongeza spring nitakuwa kihalali? Na mizani ya barabarani watanikamata?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na umefanya la maana sana kuandika hizo namba mbili za kwenye kadi maana wengi wanaandika tu "gari yangu ni ya tani moja" halafu tunaanza kubahatisha.

Tuanze na hizo namba. Tare ni uzito wa gari tupu, gross ni uzito wa juu kabisa gari ikiwa na kila kitu, yaani bodi, mafuta, watu, mzigo, turubai, spea, jeki, na hicho kikapu cha chuma mnachochomelea juu ya bodi. 2530 ukitoa 1390 unabaki na kilo 1140. Hapo ndipo watu wanaposimama wanasema si unaona, tani moja na ushee! Hapana, endelea kutoa. Wewe na utingo wako tuseme kilo 140. Mafuta lita 60 za dizeli ni kama kilo 50. Kikapu cha chuma na vyuma vya pembeni, kama ni kile cha bomba nene ninachokiona kwenye pikapu nyingi za huko juu, weka kilo 120. Umebaki na kilo 830 za viazi, ndo basi. Na kama kuna vibarua wawili wa kushusha mzigo wamekaa juu ya magunia hesabu na wao, mbali na kwamba kukaa pale ni hatari tupu.

Sasa gunia. Kwa sheria ya vipimo gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, kwa maana hiyo gunia nane zimekutosha kabisa. Lakini tunajua wote lumbesa ikoje, ile ya kushonea kofia juu, ukiiweka kwenye mizani inasoma 130 na nyingine zinapita. Gunia kumi za lumbesa ni kilo 1300. Jumlisha na yale mengine yote gari yako inateremka Isyonje ikiwa na kilo 3000 wakati kadi inasema 2530. Umezidisha kilo 470, hiyo ni kama mifuko tisa ya simenti juu ya uzito ambao gari ilishafika mwisho. Na hujafika hata hiyo tani na nusu ya fundi.

Sasa kwenye spring zenyewe. Kuongeza majani kunainua gari, hicho ndicho kinachofanyika na hakuna kingine. Namba ya kwenye kadi haibadiliki, na ile ya kwenye kibati cha kiwandani haibadiliki, kwa sababu kiwanda hakikuipata ile namba kwa kuangalia spring peke yake. Waliangalia ekseli, beringi za nyuma, chesisi, tairi, rimu, breki, kisha wakaandika namba ambayo vyote kwa pamoja vinaihimili. Ukiimarisha kimoja vingine vimebaki vilevile, ni sawa na kumvalisha mpagazi viatu vya soli nene ukadhani mgongo wake umeongezeka nguvu. Tena ubaya wa spring ni kwamba zinaficha. Sasa hivi gari ikikaa chini unaiona na unaogopa, ukishaongeza majani itasimama wima na zile kilo 470, itaonekana nzuri, na utashawishika kuongeza gunia la kumi na moja.

Nataka uangalie vitu viwili mwenyewe kwa macho yako kabla hujampa fundi hela.

Cha kwanza ni tairi. Pembeni ya tairi kuna maandishi, kwenye Hilux ya aina yako mara nyingi inakuwa 195R14C na mbele yake 106/104. Hiyo C ni ya magari ya mizigo, na 106 maana yake tairi moja inabeba mpaka kilo 950 ikiwa na upepo wake kamili. Tairi mbili za nyuma kilo 1900. Ekseli ya nyuma ya pikapu kama yako ikiwa tupu inalalia kama kilo 570 hivi, weka kikapu 120, weka viazi 1300 ambavyo karibu vyote vinaangukia nyuma, tayari ni 1990. Umeshapita uwezo wa tairi na hapo tairi ni mpya na ni sahihi. Kuna wenzako wamefunga tairi za magari madogo ya saluni kwa sababu zinaingia kwenye rimu na bei ni rahisi, mfano 195/70R14 yenye namba 91. Hiyo 91 ni kilo 615 tu. Mbili ni 1230. Mtu anabeba karibu tani mbili kwenye tairi za tani moja na robo, halafu ikipasuka pale kwenye kona anasema ni bahati mbaya! Angalia pia tarakimu nne za tarehe, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, tairi ya mtumba iliyozeeka hata kashata zikiwa zimejaa mpira umeshakufa.

Cha pili ndicho kinachoniumiza zaidi kwa sababu mafundi wengi hawakigusi. Lala chini ya gari upande wa nyuma, tazama juu ya ekseli karibu na difu. Kwenye Hilux nyingi, na L200, na pikapu nyingine kibao za Kijapani, utaona kivalvu kimefungwa kwenye chesisi, paipu za breki zinaingia humo, na kina kifimbo chembamba kinachoshuka mpaka kwenye ekseli. Kile kinapima mzigo. Gari ikibeba, chesisi inashuka, inasogelea ekseli, kile kifimbo kinasukuma valvu na breki za nyuma zinapewa presha zaidi. Gari ikiwa tupu chesisi iko juu, valvu inabana presha ili tairi za nyuma zisijifunge gari ikageuka. Umeona sasa? Ukiongeza majani mawili kila upande chesisi inakuwa juu muda wote, hata ukiwa na viazi kilo 1300 ile valvu inaona gari tupu, inazinyima breki za nyuma presha, na kazi yote ya kushika gari ya tani tatu inaachiwa breki za mbele. Na mzigo uko nyuma.

Sasa chukua gari hiyo uishushe toka Isyonje kuja Uyole asubuhi kuna ukungu na lami imelowa. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, uzito ukiongezeka kwa asilimia 19 na joto linaongezeka kwa asilimia 19 kwa mwendo uleule, na sasa linakwenda kwenye pedi za mbele. Pedi zikishachemka unakanyaga pedali ni ngumu lakini gari haishiki, na kama fluidi ni ya siku nyingi imeshanywa maji basi inachemka pedali inazama mpaka chini. Wanaosafiri barabara za huku Mbeya wanajua mteremko wa Inyala, wanajua Iwambi, wanajua Mlima Nyoka, hatuhitaji kukumbushana watu tuliowazika. Wengine suluhisho lao ni kukifunga kile kifimbo na waya kiwe juu muda wote, hiyo nayo usikubali, siku ukirudi tupu na mvua tairi za nyuma zitajifunga gari itakuzungukia.

Kuhusu mizani. Ile sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo sisi tulianza kuitumia 2019, inayataka magari ya kuanzia tani 3.5 yaingie kupimwa. Wewe hata na lumbesa zako uko tani 3, kwaiyo kwa kawaida hutaitwa mizani. Lakini kutoitwa sio ruhusa. Na usije ukadanganywa na mtu anayekwambia "ekseli moja inaruhusiwa tani 8", ni kweli sheria imeandika tani 8 kwa ekseli yenye tairi mbili, ila hiyo inalinda lami. Lami inaweza kubeba tani 8, ekseli ya Hilux haiwezi hata theluthi ya hapo. Mpaka wako ni ule wa kwenye kadi na kibati, na trafiki akitaka kukupima kwa kadi yako ana haki hiyo. Tena siku ikitokea ajali ndio kadi itakayosomwa, na bima nayo wataisoma, maana kwenye mikataba mingi ya bima kuna kipengele cha gari kubeba zaidi ya uwezo wake na hapo ndipo fidia ya gari yako inapopotelea. Chukua karatasi yako ya bima uisome leo.

Unauliza kama kuna namna ya kuipandisha hiyo namba kihalali. Wenzetu Australia wana utaratibu huo na umeshamiri sana, mtu ananunua pikapu, anafungiwa seti ya spring na shokapu ambayo imeshafanyiwa majaribio na kuidhinishwa kwa modeli ile ile, wakati mwingine na breki, mhandisi anasaini na gari inapigwa kibati kipya chenye uzito mpya. Angalia mpangilio wake, kwanza majaribio na idhini, ndipo kibati. Sio fundi kuchukua majani ya lori la Canter lililochinjwa, kuyakata na gesi, na kuyapachika katikati ya yako. Hapa kwetu mabadiliko ya gari kama bodi, injini au rangi yanapitia ukaguzi wa trafiki na TRA ndio wanaobadilisha kadi, kwaiyo kabla hujabadilisha chochote cha maana nenda kwao na kadi mkononi uulize kwanza. Kadi isipobadilika, uzito wako haujabadilika.

Ningekuwa mimi ndio mwenye hiyo Hilux ningefanya hivi. Spring zako zimechoka, hiyo inajionyesha, maana gari ya aina hiyo na kilo 830 haitakiwi kulala mpaka taa ziangalie juu. Fungua uangalie kama kuna jani limevunjika katikati pale kwenye boliti, badilisha bushi na ubolti, weka seti ya majani ya namba ileile ya kiwandani au yarudishwe mkunjo kwa mtu anayejua kuyatia moto. Urefu ukirudi wa kiwandani ile valvu itafanya kazi yake. Kama nafasi imebadilika hata kidogo fundi wa breki aipime na kuiset upya, isiachwe hivyo hivyo. Weka tairi za C nne, safisha drum za nyuma, mwaga fluidi yote weka mpya. Punguza kile kikapu, ukitoa kilo 60 za chuma umejipatia kilo 60 za viazi kihalali kila safari. Halafu pakia gunia nane za kilo mia, zianzie nyuma ya kabini.

Najua utasema nane hazilipi. Piga hesabu pamoja na beringi, tairi mbili zinazoisha mapema, na kile kipande cha chesisi nyuma ya kabini kinachoanza kupata nyufa. Na kama bado hazilipi basi unachohitaji ni Canter, sio spring. Ungana na wenzako wawili mkodi moja siku za soko, pikapu ibaki ya kutoa mzigo shambani mpaka barabarani.

SWALI: Kamwene fundi, natokea Mafinga. Nabeba mbao kwa pikapu, mbao zinatokeza sana nyuma, nataka kurefusha bodi kwa mita moja ili zilale vizuri. Uzito siongezi, ni urefu tu. Kuna tatizo?

JIBU: Kamwene. Tatizo lipo, na ni kubwa kuliko unavyoliona, kwa sababu uzito hausomwi kilo tu unasomwa umekaa wapi. Chukua kilo 300 za mbao ziweke mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, na tuseme toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mita tatu. Zile kilo 300 zinaifanya ekseli ya nyuma ilemewe na kilo 400, na ekseli ya mbele inapungukiwa kilo 100. Hujaongeza hata ubao mmoja lakini nyuma umezidisha na mbele umepunguza, na mbele ndiko kuna usukani. Kwenye vumbi la Mufindi likilowa utakata kona gari inaenda moja kwa moja.

Pili ni uchomeleaji. Ukichomelea chuma kwenye chesisi karibu na mkono wa spring joto linalegeza chuma cha pale, na ufa unaanzia pembeni ya weldingi miezi michache baadaye. Kama lazima urefushe basi irefushwe bodi tu, ifungwe kwa boliti, kisha peleka ikaguliwe. Mimi nakushauri uweke fremu juu ya kabini mbao zilalie mbele, nusu ya tatizo inaisha bila kukata kitu, funga na kitambaa chekundu nyuma.

Na unaposema uzito huongezi naomba uhakikishe, kwa sababu mbao ya paini iliyotoka kupasuliwa asubuhi inaweza kuwa na uzito wa karibu mara mbili ya ileile ikishakauka. Idadi ya mbao uliyozoea kubeba kiangazi usiibebe zikiwa mbichi.

SWALI: Habari fundi, mimi ni mama mjasiriamali wa maparachichi hapa Njombe, nina kirikuu. Vijana wanapakia kreti arobaini mimi naogopa. Ukomo wake ni upi?

JIBU: Nzuri mama, na hofu yako iko sahihi kabisa. Kirikuu, yaani zile Suzuki Carry za cc 660, kwa sheria ya kwao Japani mwisho wake ni kilo 350. Nenda nyuma ya gari, nyingi zinazotoka Japani bado zina kibandiko kwenye mlango wa bodi chenye maandishi ya Kijapani na namba 350kg, kama kipo usikitoe, waonyeshe hao vijana. Kreti ya maparachichi ikiwa na kilo 20, ukomo wako ni kreti kumi na saba. Arobaini ni kilo 800, zaidi ya mara mbili. Kwenye kirikuu hata majani ya spring usiongeze kabisa, chesisi yake ni nyembamba na breki ni ndogo, hakuna mahali pa kukimbilia. Na vijana usiwaachie wao kuamua, wewe ndio mwenye gari, hesabu kreti kabla haijaondoka.

SWALI: Fundi, tumeuza pikapu mbili tumenunua Canter moja, tunatoa ndizi Tukuyu kupeleka Iringa. Mume wangu anasema mizani wanaachia asilimia 5 kwaiyo tunaweza kuzidisha kidogo. Ni kweli dada yako nimuamini?

JIBU: Dada hongera kwa Canter, mmefanya uamuzi mzuri. Ila hilo la asilimia 5 mwambie shemeji asilitegemee. Ile asilimia 5 iko kwenye ekseli, imewekwa kwa sababu mizani na mizani zinaweza kutofautiana kidogo na mzigo unahama njiani, mnapotoka Tukuyu na kona zile ndizi zinasogea. Mkiitumia yote wakati wa kupakia mtakuwa hamna kitu kilichobaki cha kuwaokoa ndizi zikihamia nyuma. Na viwango vya barabarani, tani 8 kwa ekseli ya tairi mbili, tani 10 ikiwa na tairi nne, hamtavifikia kwa Canter ndogo, mtaivunja Canter kwanza. Kwaiyo rudini kwenye gross ya kadi kama nilivyomwambia wa Isyonje.

Kingine, sasa gari yenu ikiwa na mzigo itakuwa tani 3.5 na kuendelea, maana yake mnaingia mizani zote njiani, Makambako mnaingia, Wenda mnaingia, msipite pembeni hata kama usiku foleni ni ndefu, kukwepa mizani ni kosa peke yake hata kama hamjazidisha. Na kama mnabeba mizigo ya watu kwa kulipwa hakikisheni leseni ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, ni ya gari hiyo mpya, msitembelee ile ya pikapu mliyouza. Safari ya kwanza pakieni pungufu kidogo, mkifika mizani mwombe karatasi ya vipimo inayoonyesha kila ekseli, mtajua mkungu mmoja mmoja unawapa kilo ngapi na safari ya pili mtapakia kwa namba.

Wengine mlioandika kuhusu Noah kugeuzwa pikapu, barua zenu nimezipata, nitazijibu toleo lijalo pamoja na picha za chesisi. Nitumieni nakala ya kadi upande wenye tare na gross, bila hizo namba siwezi kuwajibu vizuri.